Kapsuli ya kufunga tumbo: baba anameza kumi, mtoto naye apewe nusu?

SWALI

Assalaam alaikum mshauri,

Tangu mvua zianze, nyumba yetu hapa Kisauni haijapumzika na tumbo la kuendesha. Tuko mimi, mume wangu, mavyaa wangu na watoto watatu. Mume wangu ni dereva wa lori, Mombasa hadi Malaba. Huu ni mwezi wa pili tumbo lake likiwa jepesi, na kila akiwa na safari hununua zile kapsuli za loperamide. Humeza mbili kabla ya kutoka hata kama siku hiyo hajaharisha, kisha anaendelea kumeza njiani. Juzi nilikuta karatasi ya dawa kwenye mfuko wa koti lake. Mashimo kumi, na aliinunua asubuhi ile ile. Wiki hiyo alikuwa pia anamalizia dawa za malaria.

Kitinda mimba wangu ana miezi 16. Tangu jana amekwenda choo cha maji mara sita. Hana damu, anatapika kidogo. Jirani ananiambia nifungue kapsuli moja, nigawe unga wake nusu kwa nusu, nimtilie kwenye uji. Anasema wanawe wote aliwafanyia hivyo na wakapona. Paketi za ORS, ule unga wa kurudisha maji mwilini, ninazo. Nilimkorogea moja kwenye glasi, akaitema. Maji yetu ni ya kisima, siku nyingine tunanunua madumu ya mkokoteni.

Mavyaa ana sukari na presha. Tumbo lake lilianza kulegea alipoongezewa metformini, dawa yake ya sukari. Dukani walimpa hizo hizo kapsuli. ORS haitaki, anasema ina sukari na chumvi, vitu viwili alivyokatazwa na daktari.

Nani ameze nini, na nani asimeze?

Mama Zuhura, Kisauni

JIBU

Wa alaikum salaam Mama Zuhura. Tuanze na mtoto, maana lake halisubiri. Usimpe hiyo kapsuli, si nusu, si robo, wala unga wa kwenye ncha ya kidole.

Loperamide ina undugu na mofini. Hushika ukuta wa utumbo na kuutuliza, ule msukumo unaosogeza chakula ukapungua, na maji yakapata muda wa kufyonzwa. Kwa mtu mzima aliyemeza kiasi kidogo, haifiki kwenye ubongo kwa sababu mlangoni mwa ubongo kuna kama pampu zinazoirudisha nje. Kwa mtoto mdogo ulinzi huo haujakomaa. Anaweza kusinzia kupita kiasi, pumzi ikapungua, na utumbo ukasimama kabisa, tumbo likavimba na kukaza kama ngoma. Haya si ya kutishana. Huko Pakistan watoto walikufa baada ya kupewa loperamide ya matone, na mwaka 1990 kampuni iliyoitengeneza ikayaondoa matone hayo sokoni. Shirika la Afya Duniani halitaki mtoto anayeharisha apewe dawa yoyote ya kufunga tumbo. Loperamide kwa mtoto wa chini ya miaka 2 ni marufuku kabisa, na kwa aliye chini ya miaka 12 usiiguse bila daktari.

Halafu hiyo nusu ya jirani si nusu. Ukifungua kapsuli moja juu ya sahani utaona unga mweupe wa kujaa ncha ya kijiko cha chai. Dawa yenyewe humo ndani ni miligramu 2 tu, iliyobaki ni wanga na vitu vya kujazia. Hakuna jicho linaloweza kugawa miligramu 2. Wanawe walipona kwa sababu kuharisha kwingi kwa watoto hukoma kwenyewe baada ya siku chache, na kwa rehema za Mungu unga ule haukuwadhuru.

Kuna jambo jingine ambalo mama wengi hawaambiwi. Kapsuli haimrudishii mtoto hata tone moja la maji. Maji yanayomtoka mwilini yanaweza kuendelea kumwagika ndani ya utumbo na kukaa humo. Nepi ni kavu, nyumba nzima inashukuru, na mtoto anazidi kukauka.

Sasa ile ORS. Mtoto aliitema kwa sababu ilikuwa chumvi tupu. Paketi nyingi za hapa nchini ni za nusu lita, nyingine ni za lita moja. Kipimo kimeandikwa juu ya paketi yenyewe, kisome kila unaponunua. Paketi ya nusu lita ikikorogwa kwenye glasi moja ya mililita 200, chumvi yake inazidi mara mbili na nusu, na mtoto akiinywa kwa wingi chumvi hiyo inaweza kupanda kwenye damu hadi akashikwa na degedege. Wala usiigawe paketi ukatumia nusu leo na nusu kesho. Chumvi na glukosi humo ndani hazikai sawasawa, huwezi kujua umemwaga nini na umebakisha nini.

Chukua chupa ya plastiki ya maji ya nusu lita, ioshe, ijaze hadi pale maji yalipokuwa yanafika ilipouzwa. Hicho ndicho kipimo chako. Mimina maji hayo kwenye jagi safi, tia paketi nzima, koroga hadi unga uishe chini. Onja wewe kwanza. Ladha isizidi chumvi ya machozi. Ikizidi, imwage ukaanze upya. Usiongeze sukari, usitie juisi, usiichemshe baada ya kuchanganya. Ifunike, na ikitimiza saa 24 mwaga iliyobaki hata kama ni nyingi. Paketi ambayo unga wake umeganda au umegeuka rangi, na joto na unyevu wa Mombasa huzifanya hivyo haraka, usiitumie.

Maji ndiyo yanatutia wasiwasi zaidi katika barua yako. Visima vingi vya Kisauni, kama vya Bamburi na Likoni, vina maji ya chumvi chumvi. ORS imepimwa kwa maji matamu. Ukiikoroga kwa maji ya kisima cha chumvi umeongeza chumvi juu ya chumvi bila kujua kiasi gani. Kuyachemsha kunaua vijidudu, lakini chumvi haitoki. Mvuke huenda zake na chumvi inabaki kwenye sufuria, ikiwa kali kuliko mwanzo. Kwa hiyo, kwa ORS na kwa maziwa ya mtoto tafuta maji matamu ya mfereji, yale yanayoletwa mjini kutoka Mzima, Baricho au Marere, au ya chupa. Ya mkokoteni yaonje kwanza, kwa sababu baadhi ya madumu hujazwa visimani. Yakiwa matamu, yachemshe hadi yatokote kwa dakika moja kamili, yaache yapoe yakiwa yamefunikwa.

Kwa umri wake mpe mililita 50 hadi 100 kila baada ya choo cha maji, yaani robo hadi nusu ya kikombe cha mililita 200. Mpe kwa kijiko, kimoja kila dakika moja au mbili. Mama akiwa na haraka humpa kikombe, mtoto akakivuta chote kwa mpigo kisha akakirudisha chote, na watu wakasema ORS haimkubali. Akitapika, ngoja dakika 10, uanze tena polepole zaidi. Kunyonya kuendelee kama kawaida, na chakula chake asinyimwe: uji, ndizi, wali uliopondwa, mtindi. Juisi ya paketi na soda ziweke mbali. Sukari nyingi utumboni huvuta maji kutoka mwilini na kuharisha kukazidi.

Pamoja na ORS mpe zinki. Mtoto wa miezi 6 na zaidi hupewa kidonge cha miligramu 20 mara moja kwa siku, siku 10 hadi 14. Aliye chini ya miezi 6 hupewa miligramu 10. Kiyeyushe kwenye kijiko cha maji safi au maziwa ya mama. Endelea hata tumbo likifunga siku ya tatu, kwa sababu zinki hupunguza pia uwezekano wa kuharisha tena katika miezi michache ijayo. Hapa wengi huachia njiani, na nusu ya faida inapotea.

Paketi zikikosekana usiku, lita moja ya maji matamu yaliyochemshwa, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa kwa kisu, vitakusogeza hadi asubuhi. Na madafu? Ni mazuri kama nyongeza, ila yana potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, na sodiamu ndiyo inayomwagika kwa wingi chooni. Hayashiki nafasi ya ORS.

Jifunze kumfinya ngozi. Mlaze chali, ushike ngozi ya tumbo katikati ya kitovu na ubavu kwa kidole gumba na cha shahada, usitumie kucha. Inyanyue, hesabu moja, iachie. Ngozi ya mtoto mwenye maji ya kutosha hurudi papo hapo. Ikibaki imesimama kwa kitambo hata kidogo, maji yamepungua, mpeleke zahanati siku hiyo hiyo. Ikikaa zaidi ya sekunde 2, au macho yameingia ndani, au amelegea hawezi kunywa, au anatapika kila kitu, au hajakojoa kwa saa 6, au kuna damu kwenye choo, mchukue sasa hivi, na umpe ORS mkiwa kwenye tuktuk. Akiwa na homa apimwe malaria pia, hapa Pwani hatuipiti. Na choo chochote, cha mtoto au cha mtu mzima, kinachotoka kwa wingi kikiwa kama maji ya kuoshea mchele, kichukulieni kuwa kipindupindu hadi hospitali iseme vingine. Mtu mzima anaweza kumalizwa na hicho kwa saa chache, na kapsuli hapo haina kazi.

Sasa baba watoto. Kapsuli 10 ni miligramu 20. Mtu mzima anayejinunulia mwenyewe humeza 2 baada ya choo cha maji, kisha 1 baada ya kila choo cha maji kinachofuata, bila kupita kapsuli 4 kwa saa 24, na bila kupita siku 2. Uingereza huruhusu hadi 6. Ukiona karatasi ya maelezo imeandika 8, yaani miligramu 16, hicho ni kikomo cha mgonjwa aliye chini ya uangalizi wa daktari. Sisi tunashika 4, kama Marekani. Mumeo amevuka vyote vitatu.

Kinachowaponza watu wa safari ni saa. Kapsuli huchukua kama saa 5 kufikia kilele chake kwenye damu. Dereva anameza mbili Mariakani. Akifika Voi tumbo bado linanguruma, anaona hazikufanya kazi, anaongeza mbili. Mtito Andei anaongeza tena. Mzigo wote unamkuta mbele ya safari, na hautoki upesi, kwani baada ya saa 11 hivi nusu yake ingali mwilini. Zikizidi hivyo, dawa huingilia umeme wa moyo. Mapigo yanakwenda ovyo, mtu anaona giza, anazirai, na moyo unaweza kusimama. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kali juu ya hilo mwaka 2016. Mtu huyo ana kontena la futi 40 nyuma yake. Hata kwa kiasi cha kawaida kapsuli inaweza kumletea kizunguzungu na usingizi, na mwili uliopungukiwa maji huongeza uchovu usukanini.

Dawa za malaria nazo si jambo la kupita. AL, yaani artemether na lumefantrine, ina tahadhari yake kuhusu mapigo ya moyo, na kwinini vilevile. Siprofloksasini na azithromisini zimo kwenye kundi hilo. Eritromisini, klarithromisini, dawa za fangasi kama ketokonazoli na itrakonazoli, na ritonavir ya wanaotumia dawa za VVU huweza kuipandisha loperamide kwenye damu. Kila anayetumia mojawapo ya hizi amwambie mfamasia kabla ya kununua kapsuli. Mumeo aache kabisa sasa. Akihisi moyo kudunda vibaya au akizirai hata mara moja, aende hospitali kwa kipimo cha umeme wa moyo na aseme wazi alimeza ngapi. Asione haya, daktari hawezi kukisia.

Kumeza kabla ya kuharisha hakuna maana. Utumbo uliotulizwa bila sababu hukausha choo hadi kikawa kigumu, kisha maji maji hupenya pembeni mwa kile kigumu. Mtu anadhani anaharisha tena, anameza nyingine. Hatushangai kama sehemu ya matatizo yake ya miezi miwili ni hizo kapsuli zenyewe. Sehemu tu, kwa sababu kuharisha kunakovuka siku 14 kuna chanzo kinachotafutwa: vijidudu kama giardia na amiba, dawa ya kiungulia yenye magnesiamu, vinywaji vya kuchangamsha, maziwa yasiyomkubali, au kinga iliyoshuka, na kwa hiyo apimwe VVU pia. Ikiwa amepungua uzito au tumbo linamwamsha usiku, asisubiri safari nyingine.

Hatusemi loperamide ni sumu. Mtu mzima mwenye choo cha maji, asiye na damu wala homa ya kufika 38.5, tumbo lake ni laini likibonyezwa, na ana safari ya lazima, inamfaa kwa siku moja au mbili huku akinywa ORS. Akipata choo cha kwanza kilichoshikana, au saa 12 zikipita bila choo, anaacha. Tumbo likijaa, hewa haitoki, anataka kutapika, anaacha na kwenda hospitali. Lakini penye damu au homa kali kuna vijidudu vinavyokula ukuta wa utumbo, na kuufunga ni kuvifungia ndani na sumu yao, utumbo mpana ukaweza kutanuka hata kupasuka. Hali ni hiyo hiyo kwa kuharisha kulikoanza wakati wa antibiotiki au wiki chache baada yake. Na ile desturi ya dukani ya kukupa loperamide, metronidazoli na tetrasaiklini kwa mkupuo, bila kuuliza hata kama kuna damu, ikatae. Metronidazoli hutibu amiba na giardia, haisaidii kitu kwa virusi, na kuharisha kwingi ni kwa virusi.

Kwa mavyaa, mpe salamu zetu na umwambie hivi kwa upole. Lita moja ya ORS ina gramu 13.5 za glukosi. Lita ya soda ya kawaida hufika gramu 100 au zaidi. Ile glukosi ndiyo inayobeba chumvi na maji kupitia ukuta wa utumbo. Ukiiondoa, maji yanapita tu. Na chumvi hii inarudisha iliyomwagika, haiongezi mpya. Anywe kikombe kila baada ya choo cha maji, apime sukari mara nyingi kuliko kawaida. Akiwa na ugonjwa wa figo au moyo, kiasi apangiwe na daktari.

Tumbo lililolegea baada ya kuongezewa metformini huenda ni metformini yenyewe, ni jambo linalotokea sana. Arudi kliniki. Wanaweza kupunguza dozi na kuipandisha polepole, au kumpa ile inayoyeyuka taratibu, na siku zote aimeze pamoja na chakula. Kuifunika kwa loperamide kila siku ni kulipia dawa mbili kwa kosa la moja. Siku atakayoharisha sana au kutapika, apige simu kliniki siku hiyo hiyo kuuliza kuhusu metformini na vidonge vya presha, hasa enalaprili, losartani na vile vya kukojoza. Mwili ukiwa mkavu vidonge hivyo huweza kushusha presha kupita kiasi na kuumiza figo. Akiona mkaa wa vidonge unauzwa dukani aupite, hunasa hata dawa zake za presha zisiingie mwilini.

Mkinunua dawa, angalieni leseni ya Bodi ya Famasia na Sumu ukutani, na msikubali kapsuli mbili tatu zilizofungwa kwenye kipande cha gazeti. Humo hakuna tarehe, hakuna kipimo, hakuna jina.

Mumeo akienda kupima choo, aende kabla ya kugusa metronidazoli, maana kidonge kimoja tu kinaweza kuficha kinachotafutwa. Sampuli aitoe pale pale maabara ikiwezekana. Amiba hai huonekana choo kikiwa bado na joto, ndani ya nusu saa hivi, na kikopo kilichozungushwa asubuhi nzima kwenye kabati la lori kinaweza kuleta majibu ya uongo. Apeleke na ile karatasi yenye mashimo kumi.